Daftari la Pikapu ya Reino

Mambo haya yalimpata jirani yetu Aili, huku kaskazini mwa Michigan, na hadi leo hapendi kuulizwa. Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Alikunywa kahawa, akala kipande cha mkate wa hiliki, akaendesha pikapu ya marehemu mumewe, Reino, hadi gereji kwa Duane. Ilikuwa mara ya nne.

Gari lile lilikuwa na ugonjwa wa kujificha. Likiwa na Aili, linazimika katikati ya barabara. Likifika kwa fundi, linanguruma kama vile halijawahi kukosea. Binti yake, Carol, alishakata shauri: theluji ya kwanza ikianguka na gari bado bovu, mama anahama shamba, anakwenda kukaa kwake Detroit. Aili hakutaka hata kusikia. Tangu amzike Reino mwezi wa tano, nyumba ile ndiyo pekee iliyobaki kumjua. Jikoni alijiachia kiti kimoja tu. Vile vinane vingine alivipeleka ghalani, maana vilimzidishia upweke.

"Kila likizima, andika," Duane alikuwa amemwambia, akimpa daftari. "Saa, mahali, baridi, mwendo. Hata ukiona ni upuuzi, weka. Mimi sipigi ramli, Bi Aili."

Basi akaandika. Mara saba kwa mwezi mmoja. Upuuzi nao aliuweka: kwamba mzee Vern alimsalimia kwa vidole viwili. Huku tukipishana barabarani tunainua kidole juu ya usukani, imetosha. Lakini Vern ana mzaha wake wa miaka mingi, kidole kimoja kwa kila aliyemo garini. Reino alipokufa, vidole viwili vikawa kimoja, na kile kimoja kilimuuma Aili kuliko pole zote za kanisani. Mwezi huu viwili vimerudi. Aili akajisemea, mzee wa watu ameanza kusahau.

Alasiri Duane alitoka chini ya gari akichekelea.

"Nimemkamata mchawi wako! Leo nimeweka sanduku la spana kwenye kiti cha abiria. Likazima papo hapo. Kuna waya umechunika chini ya kiti. Kikikaliwa kinaubana, injini inakata. Mimi nilikuwa nalijaribu peke yangu, ningejuaje?"

"Na mimi huwa peke yangu."

"Acha utani, Bi Aili. Huwa unampakia nani?"

"Nimpakie nani, Duane?"

Kicheko kikakatika. Duane alifungua daftari, akapitisha kidole chenye grisi juu ya mistari.

"Zote saba," akanong'ona, "ni baada ya kupita makaburi. Ukirudi nyumbani. Ukija mjini halijawahi kuzima."

Msidhani Aili aliogopa. Alifurahi, tena alifurahi hadi akaona haya mbele ya kijana wa watu.

"Huo waya uache hivyo hivyo," alisema.

"Nimeshautengeneza."

Akaondoka. Ili kuufikia waya, Duane alikuwa amekisukuma kiti cha abiria nyuma hadi mwisho, na hilo lilimpoza moyo. Reino alikuwa na miguu mirefu, alikaa hivyo hivyo.

Penye makaburi akapunguza mwendo. Gari halikuzimika. Akahisi kulia.

Mbele akatokea Vern. Wakapishana.

Vidole viwili.

"Karibu, mume wangu," Aili akanong'ona. Hakugeuka. Aliogopa akigeuka, ataondoka. Akazungumza njia nzima, habari za viazi, habari za Carol na ubishi wake. Mara moja tu alisikia chuma kikikwaruza kwenye reli ya kiti.

Uani akazima injini. Ndipo akageuka.

Kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimevutwa mbele hadi mwisho, kimebanana na dashibodi. Reino asingeweza kupenyeza hata goti. Mkanda ulikuwa umefungwa. Chini ya dashibodi palikuwa na alama mbili za udongo mbichi, nyayo za mtu, kila moja ndogo kuliko kiganja chake.

Hakuwa Reino.

Akakumbuka daftari. Mara saba kuja nyumbani kutoka makaburini. Leo ya nane. Kurudi kule, hakuna hata mara moja.

Akaitazama nyumba yake. Theluji ya kwanza ilikuwa inadondoka. Akajifungia humo humo garini, akampigia Carol.

"Njoo unichukue."

"Gari limekufa tena, mama?"

"Gari limepona, mwanangu. Njoo."

Sisi majirani ndio tuliokwenda kumchukulia nguo. Kufuli la ghala lilikuwa limefungwa, funguo anazo Aili huko Detroit. Jikoni viti vyote vinane vya ghalani vilikuwa vimeizunguka meza, kila kimoja kimevutwa mbele hadi mwisho.