Jalada Moja kwa Nakala Mia

Kabati la kioo lilikuwa wazi, lakini halikuvunjwa. Kilichokosekana ndani yake ni kitabu kimoja tu cha katuni.

"Si hiki hapa?" Inspekta Odell Haskins aliinua kimoja sakafuni. Marundo yalijaa duka zima, yote ya kitabu kilekile.

"Sicho, afande," alisema mwenye duka, Leland Krawczyk. "Kilichoibwa kina jalada jingine."

"Na hadithi?"

"Ileile."

"Michoro ya ndani?"

"Ileile."

Haskins alijikuna kichwa. Miaka ishirini ya upelelezi Milwaukee, na leo ameitwa kutafuta karatasi ya juu! Leland akamweleza: mwenye duka akiagiza nakala mia za kawaida, mchapishaji humpa haki ya kupata moja yenye jalada adimu. Zisizouzwa hazirudishwi. Mnunuzi wa ile adimu alikuwa njiani kutoka Chicago.

"Yaani ulinunua mia usizozihitaji ili upate moja?"

"Ndiyo biashara yenyewe."

"Nani kakudanganya hivyo?"

"Kila mwenye duka anafanya, afande."

Haskins alizidi kuchanganyikiwa alipoona kwenye kaunta mfuko wa plastiki uliokuwa umehifadhi kile kitabu kilichoibwa, umefunguliwa taratibu. Mwizi wa kuuza asingekitoa humo, maana hata alama ya kidole hushusha bei. Aliyekitoa hakutaka kiuzike. Na alikuwa na ufunguo.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Dada yangu tu, Bernadine."

Walimkuta chumba cha nyuma akinywa kahawa. Kitabu kilikuwa mezani, kimekunjwa, na duara la kikombe limechafua jalada.

"Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu kingeuzwa leo, Inspekta! Leland angechekelea, na mwezi ujao angeagiza mia tatu. Nyumba aliyotuachia mama yetu keshaiweka rehani. Nilitaka aumie mara moja, akome, kabla hatujalala nje."

"Bernie, unakunjaje kitabu namna hiyo?" Leland alifoka.

"Nilikuwa nakisoma, mjinga wewe! Vimetengenezwa visomwe."

Leland alikitazama kile kitabu kilichokunjwa. Hasira zilimwisha, aibu ikamshika. Alikaa juu ya rundo, akamgeukia dada yake.

"Hadithi yenyewe nzuri?" aliuliza. "Mimi sijafungua hata nakala moja."