Mwenza wa Darasa la Jumamosi

Saa tatu na dakika kumi, Jumamosi asubuhi, ukumbi wa ghorofa ya pili ulikuwa na wajawazito kumi na mmoja, waume kumi, na fundi pazia mmoja juu ya ngazi, pini nne zikiwa mdomoni.

"Wewe baba, shuka umshike mkeo mgongo," alisema mwalimu wa yoga.

Fundi alitema pini kiganjani. Mwanamke pekee asiye na mwenza alikuwa mfamasia, mwenye mimba ya wiki ishirini na sita na fulana ya njano iliyokwisha kumbana. Alimtazama kutoka kwenye mkeka.

"Njoo tu, mume wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Usinitie aibu mbele za watu."

"Na pazia je?"

"Kwani litakimbia?"

Akashuka.

Jumamosi iliyofuata alirudi bila ngazi, na zilizofuata pia. Alijifunza kwamba mjamzito wa miezi hiyo halazwi chali muda mrefu, na kwamba kizunguzungu kikija zoezi linakoma, hakuna ubishi. Mfamasia, ambaye alisimama nyuma ya kaunta ya dawa siku nzima, sasa alilala bila kuamshwa na kiuno. Miguu iliendelea kuvimba. Yoga haikuondoa kila kitu.

Baba wa mtoto aliondoka mimba ikiwa na miezi mitatu. Mfamasia alilisema hilo mara moja tu, wakikunja mkeka.

"Nawe utaondoka lini?"

"Nikifukuzwa."

"Maneno matamu hata yeye alikuwa nayo."

Mtoto alizaliwa, wa kike, kilo tatu na gramu mia moja. Kwa saa sita fundi alikuwa kando ya kitanda, akihesabu pumzi pamoja na mama. Wiki moja baadaye alisoma tangazo kwenye mlango wa ukumbi: darasa la waliojifungua ni la mama na mtoto tu, wenza hawaingii. Yeye alikuwa mtu wa kufuata vipimo. Aliona kazi yake imekwisha, akaacha kupiga simu. Mfamasia aliona simu haiiti, akamhesabu kuwa wa pili kuondoka. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Wiki ya saba baada ya kujifungua, mkunga alimpima mfamasia na kumruhusu aanze mazoezi polepole: pumzi kwanza, kisha misuli ya nyonga, maana bado akikohoa mkojo ulimponyoka. Lakini nyumbani mtoto hakumpa hata dakika tano. Akapiga simu.

"Umefukuzwa na nani?"

"Tangazo liko mlangoni, mpenzi."

"Tangazo la ukumbi! Mimi nimeandika wapi?"

"Nilidhani hunihitaji tena."

"Ungeuliza. Au mdomo wako ni wa kushikia pini tu?"

"Nakuja sasa hivi."

"Njoo. Lakini nina dakika ishirini za mazoezi. Ukinirudishia mtoto kabla sijamaliza, nitajua wewe ni mgeni. Usiponirudishia, tutaongea habari ya ndoa."

Saa nne kamili alifika, shati jeupe limepigwa pasi. Alimpokea mtoto kwa mikono miwili. Dakika ya tatu mtoto alilia. Dakika ya sita alimcheulia maziwa kwenye kola. Mfamasia alifumbua jicho moja.

"Umeshindwa?"

"Wewe pumua."

Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi, akaenda tena. Dakika ya kumi na nne kilio kilikatika. Ya ishirini, mfamasia aliketi, akanyoosha mikono.

"Usimguse, amelala," fundi alinong'ona. "Hiyo ndoa tuiongelee jikoni."

Saa tano kasorobo walikuwa wamekwisha kukubaliana tarehe.