Chumba cha chini kule Sake

Kila asubui mutoto wangu Alima alikuwaka anachota maji ku lac, ile ziwa yetu, anafagia parsele, kiwanja ya nyumba, kisha anaenda masomo. Alikuwa na miaka douze, kumi na mbili. Ile mwaka deux mille deux, elfu mbili na mbili, volcan, ule mulima wa moto, ikashuka mu muji wetu wa Goma, moto ikakula nyumba yetu, tukakimbia na miguu mpaka Sake: mimi, Alima na mudogo wake Ridhwani, wa miaka ine. Mama yao alikuwa Bukavu, lakini ile ni habari ingine.

Sake ilijaa watu. Waasi walikuwa ku barrière, pale walifunga njia, makamio, yale malori makubwa, inapita bila kutuangalia. Tukaingia mu hoteli moja kando ya barabara. Mwenye hoteli, Mama Léoncie, hata hakutusalimia.

"Watu wa Goma, munatuletea majivu yenu. Vitanda ni vya mashofere. Ninyi mutalala chini, mu chumba ya nyuma. Mutoto akifagie."

Kile chumba kilikuwa mu shimo, unashuka ngazi tano. Alima akakuta humo kuku tatu zimekufa, hazina hata kidonda. Mama Léoncie akazitia mu mufuko.

"Ukiambia baba yako, mutalala mu barabara na waasi. Unasikia?"

Alima akafagia. Magaribi nikatandika mukeka, nikamulaza Ridhwani. Nikaona Alima amesimama ku ngazi, analia.

"Papa, mutoe. Humu kuku zilikufa. Nilificha, juu niliogopa watatufukuza."

Nikamubeba Ridhwani, shingo yake imeisha kulegea. Nikawasha buji, mushumaa moja, nikaishusha polepole. Ku kiuno iliwaka. Ku magoti ikazimika, na upepo hakuna. Ni mazuku, ile hewa mubaya ya kwetu: inatoka mu udongo, inalala mu mashimo, haina harufu, inaua mutu mwenye kulala chini.

Mama Léoncie akakuja. "Mutoto wako ana mudomo murefu. Tokeni."

"Na wewe mama una roho fupi," shofere mumoja, Bulonza, akamujibu. Akafunga mulango wa kile chumba na misumari, mama anamutukana tu. "Muzee, pandeni ku kamio yangu, juu ya maharagi."

Kule juu baridi ilitupiga sana, lakini Ridhwani aliamuka, akaomba chakula.

"Papa, utanipiga?" Alima akaniuliza.

"Hapana. Ulichelewa, lakini ulisema. Kitu chenye kuua mutu, usikifiche juu ya kuogopa mukubwa. Wakitufukuza, tutatembea. Mwenye kufa hatembei."