Bibi Mwenye Meno Yote

Kila alasiri alipotoka shule, Kasuku alikuwa akivua viatu mlangoni, akinawa mikono, kisha akienda kuzima jokofu. Si kwamba watu wa nyumba ile walikuwa bahili wa umeme. Jokofu lao lilinguruma, na shangazi yake hakutaka ngurumo yoyote katika kazi yake. Baada ya jokofu alizima feni, akasimamisha saa ya ukutani, akafunga dirisha na kutundika blanketi zito juu yake. Chumba cha Bibi kilijaa joto na ukimya, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Shangazi alikuwa mtaalamu wa isimu. Alichunguza jinsi watu wanavyotamka: ulimi unagusa wapi, pumzi inapita wapi, na kwa nini watu wa ng'ambo moja ya mto husema hivi na wenzao wa ng'ambo ya pili husema vile. Chuoni wanafunzi walimwita Daktari, na jirani mmoja aliposikia hivyo alimletea mtoto mwenye homa. Shangazi alimpeleka mtoto yule zahanati mwenyewe, kisha akaeleza kwa upole kwamba yeye hutibu maswali tu.

Mwaka ule kazi yake ilikuwa nyumbani. Bibi, mama yake mzazi, alizaliwa bondeni, mahali ambapo sasa pamefunikwa na maji ya bwawa. Vijiji vilipohamishwa, watu walitawanyika na lahaja yao ikatawanyika nao. Shangazi aliwatafuta wazee wa bondeni kila upande, akakuta makaburi. Aliyebaki akizungumza kama walivyozungumza kule alikuwa Bibi peke yake.

Na sasa Bibi alikuwa na uvimbe kooni. Madaktari walisema wazi kwamba lazima wakiondoe kisanduku cha sauti. Angepona, lakini asingesema tena. Bibi alipoelezwa hivyo alikunja na kukunjua pindo la nguo yake. Kisha akasema, "Basi niacheni nimalize maneno yangu kwanza."

Kasuku alichaguliwa kuwa msaidizi. Jina hilo alipewa na wenzake shuleni kwa sababu aliweza kumwiga yeyote: kikohozi cha mwalimu mkuu, muuza maji, hata fundi cherehani anavyogombana na uzi. Akianza, darasa zima huvunjika mbavu. Kazi yake chumbani ilikuwa kumwonyesha Bibi picha, na Bibi aseme neno la bondeni huku kinasa sauti kikifanya kazi.

"Usimtajie neno," Shangazi alimwonya tangu siku ya kwanza. "Mwonyeshe tu, umwache aseme mwenyewe. Ukimtajia, atakurudishia sauti yako, nasi tutadhani ni yake."

Alhamisi Shangazi aliitwa hospitali kuzungumza na madaktari. Zilikuwa zimebaki picha chache tu. Kasuku alianza vizuri, lakini Bibi akakohoa hadi machozi yakamtoka.

"Tupumzike kidogo, mke mwenzangu," Bibi alisema kwa utani wake wa kila siku. "Nikiamka tutaendelea."

Akajilaza, na mara usingizi ukamchukua. Nje, wenzake Kasuku walikuwa wakipiga mluzi. Mechi ya netiboli kati ya darasa lao na darasa la jirani ilikuwa karibu kuanza, na Kasuku ndiye mfungaji. Alimtazama Bibi, akazitazama picha. Maneno yenyewe aliyajua, maana alikuwa amemsikia Bibi akiyasema tangu utotoni. Akabeba kinasa sauti hadi chumba cha pili, akakaza koo, akayasema yote kwa sauti ya kizee iliyokwaruza. Aliporudi kutoka uwanjani jioni, Shangazi alimkumbatia. "Umemaliza? Mungu akubariki, mwanangu!"

Ijumaa alasiri Shangazi alikaa mbele ya kompyuta, vipokea sauti masikioni. Katika chumba cha pili, Bibi alikuwa akipanga nguo kwenye mkoba. Kesho yake asubuhi angelazwa kwa upasuaji.

"Ajabu," Shangazi alisema, nusu akijisemea mwenyewe. "Nimeandika kwamba watu wa bondeni hutoa sauti hii na pumzi nyingi, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Kumbe nimekosea. Hapa mwishoni Mama haitoi pumzi hiyo hata mara moja. Sawa, nitabadilisha sura nzima. Aliyezaliwa na lugha ndiye anayejua, mimi ni nani nibishane naye?"

Kasuku alikuwa amekaa kando yake, akisikia yote. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayegundua. Kesho hata Bibi mwenyewe asingekuwa na sauti ya kukanusha. Jambo hilo, ambalo lingempa nafuu, ndilo lililomtisha kuliko yote.

"Shangazi, si Bibi huyo."

"Nani si Bibi?"

"Hapo mwishoni. Ni mimi. Bibi alilala, nami nilitaka kwenda kucheza. Nikamwiga."

Shangazi alivua vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu. Hakupaza sauti, na Kasuku alitamani angepaza.

"Unajua ulichofanya? Umeweka maneno mdomoni mwa mtu ambaye kesho hataweza kusema, 'Huyo si mimi.'"

Kasuku alilia. Ndipo waliposikia kikohozi mlangoni. Bibi alikuwa amesimama pale, nguo moja mkononi, na alikuwa amesikia kila kitu.

"Hebu nimsikie huyo bibi," alisema.

Shangazi alisita, kisha akabonyeza. Sauti ya kizee ilijaa chumbani. Bibi aliinamisha kichwa akisikiliza, akaanza kutikisika mabega.

"Loo! Huyu bibi ana meno yote!" alisema akicheka, akionyesha pengo lake la mbele, hadi kikohozi kikamkata kicheko. Alipotulia, alimshika Kasuku kidevu. "Ungeningoja tu, mjukuu wangu. Nilisema tupumzike. Sikusema tumemaliza."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Haya, kazime jokofu."

"Mama, koo linakuuma," Shangazi alisema. "Pumzika. Nitaandika tu kwamba maneno haya hatukuyapata."

"Kesho nitapumzika sana," Bibi alijibu. "Leo niacheni niseme."

Kasuku alizima jokofu na feni, akasimamisha saa, akatundika blanketi. Alizionyesha picha moja moja, midomo ameifumba. Bibi alikunywa maji ya uvuguvugu kati ya neno na neno. Mara nyingine alifunga macho kwa maumivu, nao walingoja. Pumzi ile ya bondeni ilitoka kila mara ilipostahili kutoka.

Picha zilipokwisha, Shangazi alinyoosha mkono kuzima mashine. Bibi alimzuia. Akavuta pumzi, akamwita Kasuku kama kina mama wa bondeni walivyowaita watoto warudi nyumbani jioni: mwito mrefu, uliopanda na kushuka. Kasuku alitamani kuitika, lakini mashine ilikuwa bado inarekodi. Alijibana midomo, machozi yakimtiririka kimya kimya.

Bibi alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, bandeji shingoni. Sasa aliwaita watu kwa kupiga makofi. Alasiri moja Shangazi aliileta kompyuta kitandani, wakasikiliza pamoja, kuanzia neno la kwanza hadi ule mwito. Bibi alisikiliza amefumba macho. Mwito ulipokwisha, aliinua mkono wake mwembamba, akajigusa kifuani mara kadhaa. *Ni mimi.*

Shangazi alijifuta macho, akamgeukia Kasuku.

"Kazi yangu ina mashine nyingi," alisema, "na zote unaweza kuzidanganya, kama ulivyonidanganya mimi. Hakuna msimamizi anayeweza kuukagua ukweli kila dakika. Lazima kila mmoja wetu aulinde hata anapokuwa peke yake chumbani. Ulikosea, lakini ulisema wakati bado tunaweza kurekebisha. Kosa linalosemwa mapema hurekebishika. Ungengoja siku moja tu, tungelipoteza neno na mwenye neno."

"Na yale niliyorekodi mimi? Tuyafute?"

Bibi alipiga kofi, akatikisa kichwa. Akafanya ishara ya kuandika. Kasuku alielewa. Aliketi mbele ya kompyuta, na juu ya rekodi zile akaandika jina lake halisi, si lile la utani, na chini yake maneno haya: *Sauti ya mjukuu, akimwiga bibi yake.*

Bibi alisogea akasoma. Kisha akalionyesha pengo lake, akamnyooshea Kasuku kidole, akacheka bila sauti. Kasuku alijua anachosema. Alicheka naye, kisha akaenda kuwasha jokofu.