Swali la Daktari Choque

Kila asubuhi kabla ya shule, Yesenia humsaidia mama yake, Doña Eulogia, kuuza maandazi ya jibini kwenye kituo cha mabasi cha Camargo, mji mdogo wa Bolivia. Alhamisi ile hakuonja hata moja.

"Unadeka nini leo?" mama aliuliza.

"Sina njaa tu, Mama."

Kumbe tumbo lilikuwa likimuuma tangu Jumanne. Alinyamaza kwa sababu Ijumaa timu yao ya voliboli ilikuwa na fainali, naye ndiye nahodha.

Saa nne alitapika darasani, akashindwa hata kunyooka. Mwalimu akamkimbiza hospitali. Mama akafika akihema, aproni ingali kiunoni.

Daktari Choque, mwanamke mpole, alimbonyeza tumbo chini kulia. Yesenia akapiga yowe.

"Kidole tumbo kimevimba, lazima kitolewe," daktari alisema. "Kule hospitali kubwa ya Sucre wana kamera ya kuingiza tumboni. Hutoboa matundu matatu madogo, na mgonjwa hupona upesi. Ila ni mwendo wa saa tano. Hapa tunapasua mkato mmoja, na kidonda huchukua siku nyingi zaidi."

"Sucre!" Yesenia akadakia, akiwaza kurudi uwanjani upesi.

"Basi niambie, maumivu yalianza lini?"

"Leo... asubuhi."

"Kama ni leo, safari inawezekana. Kama ni zamani, kinaweza kupasuka njiani, usaha ukamwagika tumboni."

Yesenia alimtazama mama yake, machozi yakamlengalenga.

"Jumanne, Daktari. Nilidanganya."

Daktari hakumgombeza. Alimgeukia muuguzi. "Tayarisheni chumba cha upasuaji. Tunapasua hapa hapa."

Doña Eulogia alisubiri kwenye benchi, hakai, hasimami. Mwishowe daktari alitoka akivua barakoa.

"Tumekiwahi! Kilikuwa karibu kupasuka."

Mama akajibwaga sakafuni, akilia na kucheka kwa pamoja.

Jumamosi wenzake wa timu walimtembelea, wakijicheka wenyewe. "Nahodha, tumepigwa seti tatu bila!"

"Msinichekeshe, nyuzi zitakatika!" Yesenia alisema, mkono tumboni.

Daktari Choque akaketi kitandani. "Kamera ni nzuri, na mkato ni mzuri. Lakini mimi huchagua kwa kusikiliza mgonjwa. Ungeshikilia uongo wako, kingekupasukia barabarani. Ukiumwa, binti, sema siku hiyo hiyo, na useme kweli."

"Nimesikia, Daktari."

"Haya, inuka. Tembea mpaka dirishani."

Yesenia alishika mkono wa mama yake, akapiga hatua ya kwanza.