Mita Mia Nane za Nangara

Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi, Calvin alilikuta dume la ng'ombe la mbegu, mali ya Mama Blessing, limelala ubavu pembezoni mwa uwanja wa shabaha wa Nangara. Shingo ina tundu huku, tundu kule. Nzi wameshawahi.

Calvin ni fundi wa kuchomelea, shule aliiacha kidato cha pili. Ndiye anayetengeneza vyuma vya klabu ya shabaha. Watu wakipiga, yeye hukaa kwenye handaki chini ya chuma, anahesabu risasi zilizogonga. Wapigaji hulala kule juu mteremkoni, mita mia nane. Dume lilianguka hatua ishirini tu kutoka handakini.

Saa tatu, Mama Blessing na majirani wameshakusanyika, alifika Afande Dorika wa upelelezi na konstebo mmoja. Akaanza na Wilbroad, jirani ambaye mahindi yake yaliliwa na dume hilo juzi.

"Afande, mimi nina jembe. Hilo ni tundu la jembe?"

Akaachwa. Macho yakahamia kwa Scholastica, mwenye duka la pembejeo Bagara. Asubuhi hiyo ni yeye peke yake aliyesaini daftari la kupiga. Kesho yake alikuwa anauwakilisha mkoa kwenye mashindano. Akikutwa na kosa, leseni inakwenda, bunduki inakwenda.

"Nimepiga chuma," alisema. "Ng'ombe wa mtu sijamgusa."

Elibariki, Baba Careen, akatikisa kichwa. Huyu ndiye aliyeshika nafasi ya mkoa miaka kumi na moja mpaka Scholastica alipomshinda.

"Dada, usibishe. Nilikuwa nashuka na njia hapa. Nikasikia bunduki kule juu, paa! Nikaligeukia dume, bado linatafuna. Ndipo risasi ikalifikia, likaanguka. Alhamisi nilikwambia, hizo risasi zako nyembamba upepo wa mlima Kwaraa unazichezea. Mwanaume anapiga 7.62."

Calvin akaikumbuka Alhamisi hiyo. Scholastica alijaribu aina mbili za risasi, moja kwa bunduki ya kuazima, yeye akiwa handakini. Zile nene za 7.62 zilifika zimechoka, upepo umeshazisukuma pembeni. Zile nyembamba za 6.5 zilitua katikati, moja juu ya nyingine. Alipomuuliza anachaguaje, dada alijibu, "Nataka inayofika kwenye chuma bado inaishinda sauti mbio." Calvin hakulala vizuri siku hiyo kwa kuiwaza.

"Afande, huyu mzee anadanganya."

"Kijana, chunga mdomo."

"Shikamoo yake nimeshampa. Bado anadanganya. Twendeni wote handakini, dada apande akapige moja."

Konstebo akapanda naye. Saa nne na dakika tano, watu wamejikunyata handakini, hakuna anayekohoa.

Ngaa!

Chuma kililia juu ya vichwa vyao. Mama Blessing akashika kifua. Kisha kimya, kimya cha kuvuta pumzi moja nzima. Ndipo kutoka mbali, kama mlango unaofungwa nyumba ya tatu: puu.

"Yesu wangu," Mama Blessing akanong'ona. "Imefika kabla haijapigwa!"

Calvin ameshazisikia mamia, lakini vinyweleo vilimsimama vilevile.

Afande Dorika akageuka taratibu. "Baba Careen, wewe ulisema ulikuwa hapa chini, ukasikia bunduki kwanza."

"Aliisikia kwanza kwa sababu alikuwa ameishika," Calvin akasema.

Akaenda kwenye ukingo wa udongo nyuma ya dume, akachimba palipotoboka. Akatoa kipande cha risasi, akakibana kwenye kipimo chake cha kazini. Nene. 7.62. Bunduki ya risasi hiyo ilikutwa chini ya kiti cha pikapu ya Elibariki, ikiwa imefungwa shuka.

"Mama Blessing, nisamehe," Elibariki alisema, mikono ikifungwa pingu. "Wewe huna kosa. Nilijua wakimfutia Scholastica leseni, kesho nasimama mimi."

Scholastica alikuwa anateremka mteremko na konstebo, mdogo kama sisimizi. Elibariki alimtazama, kisha akakitazama chuma, kinatikisika kidogo kwa upepo.

"Miaka kumi na moja napiga," alisema. "Kule juu bunduki ndiyo inaanza, chuma kinafuata. Huku handakini sijawahi kukaa hata siku moja."

"Najua," Calvin akamjibu. "Hata salamu ulikuwa unanitupia kutoka kulekule juu."