Ndiaye Asiyejibu Tusi

Kamba ilikuwepo, kondoo hakuwepo. Massamba Diop alirudi kutoka sala ya alfajiri, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma, akapiga yowe lililoamsha mtaa mzima.

Inspekta Yacine Ndiaye wa polisi ya mji wa Thiès, Senegal, alipofika, alimkuta mzee kizingitini, mikono kichwani, majirani wamemzunguka wakimpa pole kama mfiwa. Na alikuwa mfiwa kwelikweli. Buur hakuwa kondoo wa mchuzi. Alikuwa wa aina ya Ladoum, dume jeupe la kumfika mtu kifuani, na Jumapili alikuwa aingie kwenye mashindano ya urembo wa kondoo.

"Jina lako, mzee?"

"Massamba Diop."

Inspekta akashusha kalamu. "Diop! Basi hapa hapana wizi. Umemla mwenyewe usiku, ukasahau."

Majirani walicheka, na Inspekta mwenyewe akatabasamu. Ukoo wa Ndiaye na ukoo wa Diop ni watani tangu mababu. Hawakutani hata hospitalini bila mmoja kumwita mwenzake mtumwa na mwenzake kumwita mlafi. Lakini Massamba hakucheka.

"Leo usinitanie, Inspekta. Ndiaye mwenzako ndiye mwizi."

Alitoa simu, akafungua jukwaa la wafuga Ladoum, mahali wanapobandika picha za pembe na mikia na kubishana kutwa. Kulikuwa na mtu aliyejiita Ndiaye wa Thiès. Bandiko lake la mwisho lilisema: "Diop, ukirudi msikitini utakuta kamba bila kondoo."

"Uliliona lini?"

"Jana! Nikadhani utani. Nikamtukana vizuri, nikalala."

"Unamjua ni nani?"

"Nani mwingine? Birame Ndiaye, mlango wa tatu kutoka hapa. Dume lake ni la pili kwa langu, na anajua. Ikithibitika ni yeye, utani wetu umekufa. Wanangu hawatakanyaga kwake, wala wake kwangu."

Maneno hayo yalimchoma Inspekta. Alikwishaona ndugu wakishtakiana, hata wake wenza. Ndiaye na Diop mahakamani, hakuwahi kuona.

Aliingia eneo la tukio. Chumba kilikuwa na vigae, pazia la maua na feni iliyokuwa bado inazunguka. Mtaalamu wa alama za vidole alipiga poda kwenye pete ya ukutani alikofungwa Buur.

"Fundo halikukatwa," alisema. "Limefunguliwa taratibu."

"Kuna kingine kilichopotea?"

"Shampuu yake," alijibu Massamba. "Na brashi."

Inspekta aliinama. Kwenye vigae kulikuwa na alama nne za kutu, mbili huku, mbili kule.

"Chumba hiki kilikuwa cha nani?"

"Cha Buur."

"Kabla ya Buur?"

"Aa, cha wageni tu."

Dieynaba Kane, mke wa mzee, alikuwa ameleta chai. Aliiweka bilauri chini kwa kishindo, akaondoka. Inspekta alidhani ni uchungu wa kondoo.

Birame Ndiaye alikamatwa akiwa na mswaki mdomoni. Alikuwa bonge la mtu, na kiti cha chumba cha mahojiano kililia alipokikalia.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ukifanya nini?"

"Nimelala."

"Wakati wa sala?"

Birame aliangalia mlango. "Inspekta, hiyo usiandike. Imamu ni baba mkwe wangu."

"Ndiaye wa Thiès ni wewe?"

"Mimi naandika kwa jina langu! Diop nimtukane kwa kujificha? Raha yake ni nini?"

"Nani alikuona umelala?"

"Aliyelala huonwa na nani, dada yangu?"

Kamishna alipenda kesi fupi. Alisoma maelezo huku amesimama. Jina ni Ndiaye, mtuhumiwa ni Ndiaye, sababu ni mashindano. "Kesho asubuhi apelekwe kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Na wewe Yacine, usije ukambeba kwa sababu ya ukoo."

Inspekta alipata siku moja. Aliikimbilia famasi ya Codou Mbaye, msimamizi wa jukwaa, msichana mwembamba aliyeuza dawa kwa mkono mmoja na kufuta matusi kwenye simu kwa mkono mwingine. Alipoona kitambulisho, alifunga duka.

"Bandiko lile uliliona?"

"Nililiona, anti."

"Mtu anatangaza wizi, unamwacha?"

"Zamani nilikuwa nafuta kila kitisho. Nikafuta, nikafuta, jukwaa likabaki makaburi. Vitisho vyote vilikuwa Ndiaye na Diop! Mmoja atamuuza mwenzake sokoni, mwingine atamchemsha na mihogo. Wazee wakaandamana mpaka hapa famasi. Ndipo tukaweka kanuni: Ndiaye akimtishia Diop, aachwe."

"Kanuni hiyo kila mtu anaijua?"

"Imebandikwa juu kabisa."

"Kwa hiyo ukitaka kutangaza uhalifu pasipo kuguswa na mtu, unajiita Ndiaye."

Msichana alifunika uso kwa viganja. "Anti, sasa nifanyeje? Nikifuta, naua utani. Nikiacha, watu wanaibiwa. Nikiita polisi kila mara, mtanikamata mimi."

Inspekta alivuta kiti, akakaa. Kwenda kuomba kibali cha kujua mwenye akaunti kungechukua wiki nzima. Aliomba asome uzi wote, tangu mwanzo.

Mabandiko ya Ndiaye wa Thiès yalikuwa manne. Chini ya kila moja Massamba alikuwa amejibu kwa ari ya kijana. Aliita ukoo wa Ndiaye wezi wa kuku, wavivu wa kuoa, watu wanaoazima hata kikohozi. Inspekta alisoma, damu ikamchemka, vidole vikamwasha. Aliteremka chini kutafuta jibu la Ndiaye mwenzake.

Hakukuwa na jibu. Aliyeandika hakujibu tusi hata moja.

"Codou! Huyu katukanwa mara nne."

"Ndiyo."

"Akanyamaza mara nne."

"Ndiyo, anti. Labda mpole."

"Ndiaye mpole mbele ya Diop?" Inspekta alicheka mpaka akashika kaunta. "Mimi bibi yangu alimtania Diop akiwa kitandani anakata roho! Ndiaye hamwachii Diop neno la mwisho. Huyu si Ndiaye. Na huyu hatanii, mwanangu. Huyu anasema kweli tupu."

Alirudi juu, akasoma tena, safari hii bila kucheka. "Wapo wanaopulizwa na feni, na wapo wanaolala sebuleni." La pili: "Kitanda kimetolewa ili pembe ziingie." La tatu: "Nimesubiri wiki tatu uone mwenyewe." Kisha lile la kamba.

Kitanda. Alama nne za kutu kwenye vigae. Habari hiyo mpita njia angeijuaje?

Alimtoa Birame mahabusu, akamtia garini akiwa na pingu zake, wakampitia Massamba. Dieynaba alikuwa jikoni akipakua wali wa samaki kwenye bakuli lenye kifuniko.

"Mama Dieynaba, chakula hicho cha nani?"

"Cha mama yangu. Yuko kwa dada yangu, nyuma ya stesheni."

"Tangu lini?"

"Tangu leo alfajiri."

Inspekta alimtazama. Dieynaba naye alimtazama, hakupepesa.

"Tumpelekee pamoja," alisema Inspekta kwa upole.

Nyuma ya stesheni, kwenye ua uliofagiwa, walimkuta bibi kizee juu ya kitanda cha chuma, feni imeelekezwa usoni kwake. Pembeni alilala Buur, mweupe kama sukari, ananukia shampuu, akitafuna majani ya karanga kwa starehe.

"Buur!" Massamba alitaka kumkumbatia, akamwona mkwewe, akasimama katikati kama mtoto aliyevunja chungu.

"Karibu, mkwe," alisema bibi. "Usiogope. Mimi na mwenzako tumezoeana. Tulikuwa na chumba kimoja, ila kwa zamu."

"Nimemchukua mimi," alisema Dieynaba. "Nimemfungua, kanifuata mwenyewe. Atanikataaje? Anayemwogesha ni mimi, anayemlisha ni mimi. Mama alikuja kutoka Podor, anaumwa miguu. Siku ya tatu ukatoa kitanda chake, ukaingiza kondoo. Mama yangu, Massamba! Sebuleni, na mbu wote wale!"

"Ungeniambia, Dieyna."

"Nilikuambia. Ulisema 'baada ya mashindano' bila kunigeukia, unasoma matusi ya Ndiaye. Nikasema, kumbe mume wangu husoma Ndiaye tu. Basi nikawa Ndiaye. Nikaandika mara nne. Watu mia wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, wewe, una nini?"

"Na kama wangeuliza?" alisema Inspekta.

"Ningesema kitanda. Tungemaliza siku ileile."

Massamba alipiga magoti mbele ya mkwewe, akamshika miguu yake iliyovimba, machozi yakamdondoka bila aibu. "Mama, nisamehe. Leo hii unarudi chumbani kwako. Inspekta, nafuta malalamiko yangu."

"Na mimi je?" alinguruma Birame, akinyoosha pingu. "Nimelala mahabusu kwa ajili ya mkwe wa Diop!"

"Umelala nusu siku tu, mwizi wa kuku," alisema Massamba.

"Mlafi we! Mtumwa wangu! Kumbe hata kondoo wako anakukimbia!"

Massamba akajibu, Birame akarudisha, Inspekta Ndiaye akaongeza lake, kali kuliko yote, na bibi akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Buur aliendelea kutafuna. Inspekta alifungua pingu huku roho yake nyeupe. Utani ulikuwa hai.

Jumapili Buur alishinda. Wiki hiyohiyo Codou alibadilisha kanuni ya jukwaa, kwa maneno aliyoandikiwa na Inspekta: anayetishia asifutwe wala asichekewe tu. Aulizwe kwanza, faraghani, ana nini. Asipojibu, aitwe Inspekta Yacine.

Kanuni ilipata kazi upesi. Jioni moja Massamba Diop alibandika kwa herufi kubwa: "LEO NAUA. NAAPA, LEO NAUA!" Codou aliacha wateja wake, akaandika haraka: "Baba Diop, una nini?"

Massamba alikuwa barazani, amelala kando ya Buur, maana chumba chenye feni kilikuwa na mwenyewe. Jibu lake lilikuja papo hapo.

"Mbu, binti yangu. Mbu."